Mashini ya Allemagne ya Nyakasanza

Neno ALLEMAGNE, yaani Ujerumani kwa Kifaransa, jekundu, Médard aliliandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye tumbo la mashini yake ya kusaga. Angefanyaje? Watu wa Nyakasanza, mtaa huu wa Bunia, ukiwaambia kitu kimetengenezwa na jirani yao, watacheka mpaka washike mbavu. Na mashini za kweli za Ulaya zilikuwa zimekufa zote, zinangoja vipuri vya Kampala, barabara imefungwa na vita. Yeye alichonga nyundo za kusagia kwa springi za lori lililoungua, akafunga injini ya kuokota, akapaka rangi. Unga ukatoka laini, foleni ikafika barabarani.

"Bunga ya Wazungu iko laini!" wanawake walisifu. Médard akaendelea kusaga, roho inamuuma.

Asubuhi moja komanda akaja na vijana wake wa bunduki. Akasoma, akatabasamu.

"Allemagne! Mubebe."

Médard akajitupa mbele yao. Watoto wake walikula kwa mashini ile, hawakuwa na kingine.

"Mon commandant, hii si ya Allemagne! Ni mie niliitengeneza!"

"Weye? Na hiyo kaptula yenye viraka?"

Na wale wanawake, Mungu awasamehe, wakadakia: "Muongo! Ni ya Wazungu kabisa!"

Vijana walikwisha kuinyanyua. Ndipo Adèle, mke wa Médard, akatoka jikoni amewaka, mwiko mkononi.

"Mubebe! Lakini munirudishie kwanza sufuria yangu!"

"Sufuria gani, mama?"

"Hii ya juu, ya kumiminia mihogo! Mama yangu alinipa siku ya ndoa! Huyu mwizi aliitoboa wakati niko misani!"

Akakwangua rangi ukingoni kwa mwiko. Kila mwanamke wa Bunia huchora jina lake kwa msumari kwenye sufuria, isije ikapotelea matangani. Likatokea: ADÈLE. Akamgeukia mumewe, mwiko juu, na Médard akakimbilia nyuma ya komanda.

Komanda alicheka mpaka machozi. "Muache hiyo mashini! Nani atanunua sufuria ya huyu mama? Tuende."

Komanda na vijana wake wakaondoka. Wanawake wakaanza kuinua mabeseni yao, mmoja mmoja, waende zao: kumbe si ya Wazungu. Médard aliona aibu hata akatamani komanda angeichukua tu.

Mama Véronique peke yake hakuondoka.

"Ikiharibika, nani ataitengeneza?"

"Ni mie."

"Siku gani?"

"Siku ile ile, mama."

Véronique akatazama ng'ambo ya barabara, ambako kuku walikuwa wanataga ndani ya mashini ya Ulaya. Akamimina mihogo yake.

"Saga basi. Watoto iko na njaa."