Vidole vya Dobi

Mume wangu alianza kusimama njiani. Ndivyo ilivyoanza, na mimi sikuona ugonjwa hapo, niliona uvivu.

Kazi yetu ni udobi. Mimi nafua na kupiga pasi, yeye anapeleka nguo kwa wenyewe, kwa miguu, furushi begani na mashati kwenye hanga mkononi. Watu walimwita Mwendo kwa jinsi alivyokuwa akiikata mitaa. Sasa mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, anakuja kuchukua suruali zake, ananiambia, "Mama, mzee nimemwacha pale duka la vifaa vya ujenzi, anaangalia makufuli." Kesho yake mteja mwingine naye: anaangalia makufuli. Nikajiuliza, huyu anataka kufunga nini? Nyumba yenyewe mlango mmoja.

Aliporudi nikamvaa. Mdomo wangu hauna breki, sifichi. Nikamwambia kama kuna muuza makufuli aliyempendeza aseme, ila nguo za watu zisichelewe. Akacheka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ni mguu huu," akasema. "Nikifika kona ya pili nyama ya huku nyuma inakaza, kama nimekamatwa na mtu. Nikisimama kidogo inaachia. Sasa mtu mzima nisimame tu katikati ya barabara? Ndiyo nikawa najifanya nanunua kufuli."

Miezi minne alikuwa hajanena. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wangu alikuwa anayafichia kwenye dirisha la duka. Nikamwambia kesho hospitali. Akaenda peke yake, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya mashuka ya nyumba ya wageni, mashuka sabini, na mashuka hayamsubiri mtu.

Alirudi na dawa kwenye bahasha na maelezo kichwani. Mishipa inayopeleka damu miguuni ilikuwa imeganda mafuta kwa ndani, njia imekuwa nyembamba. Akitembea, nyama inadai damu, damu haifiki ya kutosha, ndiyo maumivu. Daktari alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, halafu akamfunga kifundoni, na ya kifundoni ilikuwa nusu ya ile ya mkononi. "Mtu mmoja, presha mbili," akaniambia, kama anajisifu. Sigara basi. Vidonge kila siku mpaka mwisho wa maisha. Na kutembea: atembee mpaka mguu uanze kuuma, asimame, ukitulia aendelee, nusu saa kila siku, ili mishipa midogo ijifunze kupitisha damu pembeni.

Mambo ya mishipa niliyaelewa haraka. Mpira wetu wa maji uliwahi kujaa chokaa ndani, ukawa unatoa maji kwa machozi. Lakini la kutembea halikuniingia. Mgonjwa anatembezwa? Nikaona huyo daktari anazungumza na watu wasio na wake nyumbani.

Furushi nikalichukua mimi. Asubuhi napeleka, mchana nafua, alasiri napiga pasi. Yeye nilimkalisha kwenye kiti chenye mto, mguu juu ya stuli. Akijaribu kwenda mpaka getini nilimwita arudi. Wifi yangu, dada yake, alikuwa akija ananicheka: "Wifi, unamfanya kaka yangu yai." Nikamjibu hili yai limeniletea nguo za watu miaka thelathini na moja, sasa lipumzike.

Sigara aliacha. Hilo nampa haki yake, aliacha siku moja na hakurudia.

Mimi si mke wa kubembeleza. Sijui kumwambia mtu maneno matamu, sijawahi, na sikuolewa kwa ajili hiyo. Mapenzi yangu ni kola iliyonyooka. Kwa hiyo siku aliposema mguu una baridi, nilifanya ninachokijua. Niliushika, kweli ulikuwa kama chupa iliyotoka kwenye friji. Nikakunja taulo ndogo mara nne, nikaipiga pasi mpaka ikafuka, nikaipima kwa vidole, nikamfunga nayo.

"Ina joto?"

"Ina joto, mama."

Ikawa kila jioni tukishafunga kazi. Dakika ishirini hivi. Nilivuta kibao, nikaupakata mguu wake, nikabadilisha taulo ikipoa. Hapo ndipo nilipokuwa namsimulia ya siku nzima: nani kanenepa suruali haimwingii, nani kaja na shati lenye rangi ya midomo ya mtu anasema ni mchuzi. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha nilinyanyuka, nikaenda kwenye ndoo zangu.

Sasa nikuambie kuhusu vidole vya dobi. Mtu wa kawaida akitaka kujua joto anatumia mgongo wa mkono. Sisi tunalowesha ncha ya kidole kwa mate, tunagusa bapa la pasi, tunasikiliza. Tunainua kola ikiwa bado inafuka. Mimi nashika bakuli la uji kutoka motoni bila kitambaa, na wateja walikuwa wakishangaa, nami nikijiona shujaa. Kumbe ncha zenyewe zilikwisha kufa zamani, ngozi imekuwa kama soli. Nilichopima kwa vidole vile nilidhani ni vuguvugu. Na mguu wake nao ulikuwa umekufa ganzi kwa kukosa damu, wala hausemi. Kati ya mkono wangu na kisigino chake hapakuwa na mtu wa kusema jamani, hii inaunguza.

Niliona siku ya Jumamosi nilipokuwa namwosha. Kisiginoni ngozi imeinuka, nyeupe, ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikapaka mafuta. Baada ya wiki mbili katikati pakawa peusi. Wiki iliyofuata pakaanza kunuka, na mimi pua yangu inajua kunuka kwa kila namna, hiyo sikuwa naijua.

Safari hii nilimpeleka mwenyewe. Daktari, yuleyule aliyempima mara ya kwanza, alikuwa mwanamke, umri wa binti yetu mkubwa, miwani kaipandisha kichwani. Aliweka kidude juu ya unyayo, kidude kinachosikiliza damu. Kwenye mguu mzima kilipiga fuu, fuu, fuu, kama cherehani. Kwenye mguu mbovu alihamisha, akahamisha, ikasikika pumzi ndogo tu. Akageuza kisigino, akakitazama.

"Hili ni jeraha la moto. Nani amemchoma?"

"Mimi mwenyewe," akasema mume wangu. "Nilikanyaga karibu na pasi."

Mdomo usio na breki ukapata breki siku hiyo. Nilitazama ukuta. Daktari alimtazama mzee kwa muda, akaandika.

Wakamlaza. Kesho yake walimpitishia waya mwembamba kwenye paja, ndani ya mshipa, wenye kiputo mbele. Kile kiputo wakakijaza pale penye ubano, kikatanua njia, wakaacha kibomba cha wavu kiishikilie isijifunge tena. Alikuwa macho muda wote. Alisema hakusikia kitu zaidi ya kusukumwa. Daktari akaniita, akaniambia damu sasa inashuka mpaka kifundoni, kazi ya juu imekwenda vizuri. Tatizo ni kisigino. Tusubiri siku kumi. Jeraha likionyesha uhai, mguu utabaki. Lisipoonyesha, watakata chini ya goti.

"Mngekuja mapema," akasema, si kwa ukali.

Siku kumi hizo sina la kueleza. Nilifua. Nilipiga pasi. Nilipeleka nguo, na kila nikipita pale dukani sikugeuka. Saa ya kuona wagonjwa nilikwenda, nikamwosha uso, nikamlisha, nikarudi. Wifi alilia kwa niaba yetu sote. Mimi sikulia, na sisemi nimejikaza, hapana, kulikuwa hamna kitu ndani cha kukaza. Mtu akiniuliza mzee anaendeleaje namjibu anaendelea. Niliunguza shati la mwalimu ubavuni, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa msichana, nikamlipa lingine, hata aibu sikuona.

Siku ya kumi asubuhi daktari alifungua bendeji mbele yetu. Niliona kitu cheupe ndani na nikajua ni mfupa. Akasema uchafu umeingia mpaka humo, tukichelewa utapanda, na ukipanda tutakuwa hatuzungumzii mguu tena.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, kaka," wifi akasema, akatoka nje kulia.

Mume wangu akasema sawa, aletewe karatasi. Sauti yake ilikuwa ileile ya kukubali chai.

Nilimfuata daktari kwenye korido. Nilimshika mkono wa koti, koti lenyewe limepigwa pasi vibaya, nikamwambia, "Mwanangu, hakukanyaga pasi. Ni mimi. Kila jioni nilimfunga taulo ya moto. Niliipima kwa vidole hivi."

Akashusha miwani, akatazama vidole. Nilitaka anitukane. Ningesikia nafuu.

"Mama," akasema, "mzee nilimkataza siku ya kwanza kabisa. Nilimwambia huu mguu hausikii moto, usiuwekee chochote cha moto, ukiona baridi vaa soksi. Akaniambia mke wangu ni dobi. Nikamwambia basi, hasa kwa sababu hiyo, mwambie. Nilirudia mara mbili."

Nikarudi wodini. Alikuwa amelala chali, anatazama dari. Nilisimama mwisho wa kitanda.

"Daktari alikukataza moto?"

Akaanza kuchezea ukingo wa shuka. "Alinikataza."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza."

"Na nilipoileta ile taulo ukanyamaza. Nilipokuuliza ina joto ukasema ina joto. Ulikuwa unasikia?"

"Sikuwa nasikia kitu."

"Sasa mbona hukuniambia, mwanaume wewe? Mbona hukuniambia?"

Aliachia ukingo wa shuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani kutupa nafasi.

"Ungeacha," mume wangu akasema.

"Ningeacha nini? Taulo?"

"Kukaa."

Muuguzi akaja na karatasi. Mume wangu akaweka sahihi taratibu, kwa ule mwandiko wake wa kuandikia risiti za wateja. Muuguzi akasema saa tatu watakuja kumchukua, akamfunga utepe kifundoni, kwenye ule mguu, ili wasikosee.

Nilikuwa na maneno. Nilitaka kumwambia angesema tu, angeniambia mke wangu kaa kidogo, bila taulo, bila mguu, kaa tu, na mimi ningekaa. Niliyapanga vizuri kabisa kichwani. Halafu nikayameza, kwa sababu miaka thelathini na moja huyu ananijua na mimi najijua. Ningemwambia nikae na nani, na mashuka haya? Na ningesema hivyo bila hata kugeuza kichwa.