Chini ya Miezi Minne

"Basi litamke, shemeji! Litamke kwa mdomo wako mwenyewe kwamba kaka yangu hafiki miezi minne!"

Leodegar alikuwa amesimama katikati ya sebule, kidole amekielekeza kwenye simu iliyokuwa mezani, utadhani simu ndiyo iliyomtukana. Kwenye kioo chake tarakimu zilikuwa bado hazijafutwa. Emerensiana hakusimama. Alivuta kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, akanywa, akakirudisha.

"Sijasema anafika wala hafiki. Nimepiga hesabu. Hesabu haina shemeji."

"Hesabu gani ya kumchimbia mtu kaburi naye bado anapumua?"

"Punguza sauti. Lile ni pazia, si ukuta."

Wote wawili wakatazama pazia la chumbani. Nyuma yake alikuwa amelala Marselino, mume wa Emerensiana na kaka wa Leodegar. Kansa ya koo ilikuwa imemfikisha mahali ambapo uji aliupata kwa mpira na maneno aliyatoa kwa mnong'ono. Hapakusikika kitu. Huenda alikuwa amelala, huenda hakulala.

Kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, Rabia, wakala wa kampuni ya intaneti, aliangalia vidole vya miguu yake. Alikuwa amekuja na fomu za aina mbili na kalamu, akitegemea kumaliza upesi aende kwa mteja mwingine. Sasa alijikuta amekalishwa kwenye msiba ambao haujatokea.

Chanzo cha yote kilikuwa Careen, binti yao wa pekee, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uhasibu chuoni Mbeya. Baba yake alizoea kumpigia kila jioni. Enzi hizo Marselino alikuwa dalali wa mpunga kule Lupiro, mtu ambaye akitaja bei ya gunia, husikika juu ya mngurumo wa mashine ya kukoboa. Siku hizi ukimwekea simu mdomoni, wa upande wa pili anasikia upepo tu. Ilibaki picha. Akionekana, binti anasoma midomo, anaona mkono unapungwa, mambo yanakwenda. Lakini katika nyumba hii mtandao wa simu ulikuwa wa kuokoteza. Jumapili iliyopita picha iliganda, baba mtu amefumba macho na mdomo uko wazi, na Careen huko bwenini akapiga kelele mpaka wenzake wakaja kumshika. Ndipo Marselino alipomnong'oneza mkewe: fungisha intaneti ya nyumbani, ya uhakika, nimwone mwanangu.

Kwa mwenye nyumba yake, hilo ni jambo la kupiga simu moja. Wao walikuwa wapangaji. Walivuka mto kutoka Lupiro ili wawe karibu na hospitali, wakalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama wenye nyumba wa Ifakara wanavyotaka, na minne ilikuwa imekwisha. Mzee Nazari, mwenye nyumba, alikubali ukuta wake utobolewe, kwa sharti kwamba waya ukishaingia ni wake, hata wao wakihama kesho yake.

"Dada Rabia," Emerensiana alisema, "mweleze tena shemeji yangu. Taratibu. Mimi afisa ugani, nimezoea wakulima wa kuelezwa jambo moja mara tano."

Rabia alikohoa kidogo. "Mkataba wa mwaka, baba, kufungiwa ni bure, unalipa elfu hamsini na tano kila mwezi. Ukitaka wa mwezi kwa mwezi, kufungiwa ni laki na ishirini, halafu elfu themanini kila mwezi. Huo unaacha muda wowote."

"Umeona?" Leodegar alidakia. "Mwaka ndio nafuu. Mtoto wa darasa la tatu anaona."

"Na ukiuvunja wa mwaka katikati, dada?"

"Unalipa nusu ya miezi iliyobaki, mama."

"Basi huyo wa darasa la tatu umrudishe darasani." Emerensiana aliisukuma simu upande wa shemeji yake. "Soma. Tukikaa nayo mwezi mmoja, mkataba mfupi unakula laki mbili. Wa mwaka, ukijumlisha faini, unakula laki tatu na nusu na ushee. Miezi miwili, mfupi ni laki mbili na themanini, wa mwaka ni karibu laki nne. Ukifika mwezi wa nne vinalingana, laki nne na arobaini huku na huku. Kuanzia wa tano ndipo wa mwaka unakuwa nafuu. Anayesaini wa mwaka anasema tutakuwa humu zaidi ya miezi minne. Mimi sisemi hivyo."

"Unasema nini, basi?"

Leodegar akamgeukia Rabia.

"Akipata nafuu akarudi kwake Lupiro, si mnahamisha huduma?"

"Lupiro hatujafika bado, baba. Waya umeishia huku upande wetu wa mto."

"Na mimi nina swali," alisema Emerensiana. "Mteja akifariki kabla ya mkataba kwisha, faini inalipwa na nani?"

Rabia alizisogeza fomu magotini. "Mama, tusiombee hayo."

"Siombei, nauliza. Fomu yenu inasemaje?"

Rabia aliigeuza fomu, akasoma nyuma kwa jicho moja, mtu asiyetaka kuonekana anasoma. "Warithi," alisema chinichini.

"Warithi!" Leodegar alijipiga paja. "Haya, umefurahi? Umetafuta mpaka umempata na mrithi! Sikiliza, shemeji. Hela yako kaa nayo. Nalipa mimi. Nina eka mbili za mpunga Namawala, umeshaanza kuchanua. Makoye, yule mnunuzi, aliutaka ukiwa shambani, kesho namwambia achukue."

"Utauza mpunga mbichi kwa nusu bei ukalipie faini ya marehemu?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Emerensiana alilisikia likipita mezani, likampita Rabia, likaenda moja kwa moja hadi kwenye pazia. Nje, pikipiki ilipita ikielekea Katindiuka, nao wakaisikiliza mpaka ilipotokomea, maana ilikuwa afadhali kusikiliza pikipiki.

Leodegar akasogea karibu. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Unadhani mimi sijui kujumlisha? Najua. Nilitaka asikie tunasaini mwaka. Basi. Asikie ndugu zake wanamtegemea awepo. Hilo nalo ni dawa, shemeji. Ulishindwa nini kuniachia?"

Emerensiana aliikumbuka Jumanne ya wiki iliyopita. Walikuwa wamesimama pamoja, yeye na huyuhuyu Leodegar, kwenye korido ya hospitali, daktari aliposema kwamba haya sasa ni mambo ya wiki, si miezi. Mkijaliwa sana, mwezi na nusu. Leodegar ndiye aliyesema mgonjwa asiambiwe, maana akiambiwa atakata tamaa. Naye alikubali. Alijiambia anakubali kwa sababu uamuzi ni wa ukoo wao, kumbe alikubali kwa sababu lilikuwa jepesi. Tangu siku hiyo alikuwa anampa mumewe uji huku akimsimulia habari za msimu ujao.

Kijiko kiligongwa kwenye kikombe cha bati. Ndivyo Marselino alivyoita watu siku hizi.

Walimkuta amejikongoja, amekaa, mgongo ameuegemeza ukutani. Shati lilimning'inia kama limetundikwa kwenye kamba. Lakini macho yalikuwa yaleyale ya dalali, yanayoangalia mdomo wa mtu kabla hajataja bei.

"Kaka, tulikuwa tunajadili mambo ya waya tu," Leodegar alianza. "Huyu dada ana bei za ajabu..."

Marselino aliinua kiganja, mdogo wake akanyamaza. Akamgeukia mkewe.

"Upi?" alinong'ona.

"Upi nini, Baba Careen?"

"Mkataba. Umechagua upi?"

Emerensiana alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Angeweza kusema wa mwaka. Leodegar alikuwa anamwomba kwa macho aseme wa mwaka. Rabia alikuwa hapo sebuleni na fomu zote mbili. Wangesaini huo mrefu mbele yake, faini wangekuja kuilipa baadaye na ingekuwa imeisha hivyo.

"Wa mwezi kwa mwezi," alisema.

Marselino aliitikia kwa kichwa polepole. Alikuwa anajumlisha, naye maisha yake yote alikula kwa kujumlisha.

"Daktari alisema?"

"Alisema."

"Nini?"

"Wiki. Mwezi na nusu, Mungu akitoa."

"Lini alisema?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

Leodegar alikuwa ameshageukia ukuta, mabega yanamcheza. Marselino alimtazama mdogo wake, akamtazama mkewe, na uso wake ukafanya kitu ambacho Emerensiana hakukitegemea. Alijiandaa kwa machozi. Ilikuwa hasira. Mishipa ya shingo ilisimama, akajaribu kusema kwa sauti yake ya zamani, ikatoka kikohozi kilichomkunja mgongo. Mkewe alimshika mpaka kikatulia, akampangusa mdomo.

"Mmenilia siku zangu," alinong'ona. "Ningepanga mambo."

"Kweli. Tumekukosea."

"Shamba langu la kule kwa Masalu halijapimwa. Ningeita watu."

"Tutawaita kesho."

Akapumzika. Pumzi zilikuwa zinakwaruza. Kisha akauliza, "Mitihani ya Careen?"

"Inaanza Jumatatu. Wiki tatu."

Alifumba macho. Yeye ndiye aliyetoa amri miezi ile, alipokuwa bado anatembea, kwamba Careen aambiwe baba anaendelea vizuri mpaka amalize chuo. Eka tatu za mpunga, zile nzuri za karibu na mfereji, aliziuza kwa ajili ya ada hiyo. Kila mtu Lupiro alijua.

"Asiambiwe," alisema. "Weka huo mfupi. Ataniona humo. Amalize kwanza."

"Kaka amesema," Leodegar alisema akiwa bado anaangalia ukuta. "Amesema mwenyewe. Yaishe."

Emerensiana aliona namna itakavyokuwa. Kila jioni watamnyoosha mito, watamfunika shuka mpaka kidevuni mpira usionekane, watawasha taa ya upande unaofaa. Picha itakuwa safi, haigandi. Binti atapunga mkono, atarudi kusoma. Halafu siku moja atapigiwa simu apande basi, na watamvusha mto akaonyeshwe udongo mbichi. Na hiyo picha safi ya laki mbili ndiyo itakayokuwa imemdanganya.

"Una hasira na sisi?" alimwuliza mumewe.

Akaitikia kwa kichwa.

"Kwa sababu tuliogopa kukwambia."

Akaitikia tena.

"Careen naye atakasirika hivyohivyo. Ila wewe umepata wa kumkasirikia, tuko hapa. Yeye atakuja akukose, abaki na mimi. Na mimi nitamjibu nini? Kwamba picha ilikuwa nzuri?"

"Eka tatu," Marselino alinong'ona.

"Najua ziko ngapi, mimi ndiye niliyezipima. Ziliuzwa asome. Hazikuuzwa asikuone."

Alisubiri ampinge. Marselino akafumba macho, na alipoyafumbua, aliyaelekeza kwenye paa.

Emerensiana alinyanyuka, akaenda sebuleni. Rabia alisimama haraka, fomu kifuani.

"Chukua karatasi zako, dada yangu. Hatuingii mkataba wowote, mrefu wala mfupi. Samahani kwa kukupotezea muda."

"Hujanipotezea, mama." Rabia alisita mlangoni. "Pole. Poleni sana." Akavaa kofia yake ngumu, akawasha pikipiki.

Emerensiana alichukua simu, akafuta zile tarakimu, akarudi nayo chumbani. Leodegar alimzuia penye pazia.

"Shemeji, mtoto atafeli."

"Ataahirisha, wenzake wanaahirisha kila mwaka. Au atafanya, au atafeli arudie. Atachagua mwenyewe."

"Na kama ataacha chuo moja kwa moja?"

"Leodegar. Nipishe."

Akampisha. Emerensiana alikaa palepale kwenye ukingo wa kitanda, kwenye upande wa dirisha ambako simu hushika, akabonyeza jina la binti yake, akaweka sauti ya kusikika chumba kizima. Mkono wa kushoto aliuweka juu ya mguu wa mumewe. Marselino hakuusogeza mguu wala hakusema acha.

Iliita kidogo tu.

"Shikamoo, mama! Mmeshafunga? Leo namwona baba bila kukatika?"

"Marahaba. Hatujafunga. Uko wapi?"

"Maktaba. Subiri nitoke nje." Viatu vikasikika, kisha mlango, kisha kelele za watu mbali. "Haya."

"Tafuta pa kukaa."

"Mama, unanitisha."

"Kaa kwanza."

"Nimekaa. Kwenye ngazi."

"Careen, baba yako anakufa. Si leo. Daktari amesema wiki chache. Tulikuficha kwa ajili ya mitihani, na tumekosea. Yuko hapa pembeni yangu, anakusikia. Ukitaka kuja, nauli naituma sasa hivi na chuoni nitazungumza nao mimi. Ukitaka kubaki ufanye mtihani, baki, hakuna atakayekulaumu. Lakini uamue ukiwa unajua."

Hakuongeza neno la kulainisha. Upande wa Mbeya pumzi ilivutwa ndani.

"Anaweza kuongea?" Careen aliuliza mwishowe.

"Kidogo. Hutamsikia kwenye simu."

"Basi asijichoshe. Mwambie nakuja." Sauti ikakatika, ikarudi. "Mama, tuma nauli."

Emerensiana alikata, akafungua menyu ya kutuma pesa, akaandika kiasi, akaweka namba ya siri. Leodegar alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mwimo wa mlango, analia bila kujificha. Simu ikatetemeka: imepokelewa.

"Imefika," alimwambia mumewe. "Basi lake ni la alfajiri."