Mstari wa Kijani wa Christine

"Baba, bibi yako Christine ameshachukuliwa," Jescah alimwambia Willis kwa simu. "Hapa jina lake ni kijani."

Jescah ndiye mpokea simu wa ofisi yetu ya Amalemba. Mama akishikwa na uchungu, jina lake huingia kwenye orodha likiwa jekundu. Pikipiki ya wagonjwa ikimchukua, hugeuka kijani papo hapo. Programu hiyo niliiandika mimi, Nabwire.

"Nimesimama njia panda ya Mautuma tangu saa moja," Willis alisema. "Sijaona pikipiki."

"Wewe uko barabarani, yeye alikuwa ndani na kina mama. Nyinyi wanaume mnakaa nje, utajua saa ngapi? Imepitia mashambani. Enda kituo cha afya, utampata huko."

"Haya, mama. Asante."

Kwao mwanamume hakanyagi nyumba yenye uchungu wa uzazi, hivyo hakurudi hata kuchungulia. Alishika njia ya kituoni, kilomita sita, kwa miguu.

Saa tatu unusu akapiga Kipkemboi, mwendeshaji wetu wa Mautuma. "Dada Nabwire, leo mmenifuta kazi? Nimekaa hapa mpaka kuku wa watu wamenizoea."

Niliinyakua tableti ya Jescah. Nikaivuta orodha chini, jina la Christine likawa jekundu. Nikaipandisha, likawa kijani.

"Kipkemboi, kimbia kwa Christine. Sasa hivi! Jescah, mpigie kila mama. Usiamini rangi."

Nilijua kosa kabla sijaketi. Tableti haichori mstari mpya kwa kila jina. Mstari unaopotelea juu ya skrini hurudishwa chini na kupewa mama mwingine. Kila mstari nilikuwa nimeuwekea msikilizaji, anayengoja habari za mama huyo kutoka kwenye hifadhidata. Mstari ulipopewa mama mpya, niliweka msikilizaji mpya na sikumwondoa wa zamani. Jina lilikuwa la Christine; habari zilikuwa za Dorothy wa Ekero, aliyechukuliwa saa mbili. Nilipoijaribu programu nilitumia majina manane, yakaenea kwenye skrini bila kusogezwa. Asubuhi hiyo akina mama walikuwa kumi na wanne.

Kipkemboi alipiga baada ya dakika kumi na mbili. Hakuwa na mzaha.

"Mtoto analia, dada. Mama hapumui tena. Damu imefika mlangoni."

Masinde, mkubwa wetu, alifunga mlango. "Tutasema mtandao ulipotea. Kule nani atabisha?"

Simu ya Jescah ikalia, akaiweka kwenye spika. Ni Willis.

"Nimefika kituoni. Wanasema hawajamwona. Yuko wapi?"

Masinde alinitikisia kichwa. Nikaichukua simu.

"Baba, hakuna pikipiki iliyokwenda. Rangi ile ilikuwa ya mama mwingine. Kosa ni la programu, na programu niliiandika mimi. Mtoto yuko hai. Christine amefariki."

Nilisikia watu wakiitana majina nyuma yake, na mlango ukibamizwa.

"Jirani yangu alikuwa na trekta pale njia panda," alisema. "Aliniambia, twende tumbebe. Nikamwambia asijisumbue, ameshachukuliwa."