Mguu wa Mfagia Uwanja

Mafabi alikuwa na mazoea ambayo mkewe Nandutu alishayakatia tamaa: hakuweza kuona alama kwenye udongo bila kuilainisha kwa mguu. Nyumbani kwao Nabuyonga, mjini Mbale, alifuta nyayo za kuku uani. Hata msibani, watu wakiwa wameinamisha vichwa, mguu wake ulikuwa chini ya kiti ukisawazisha vumbi. Tusimlaumu sana. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyetunza uwanja wa tenisi wa klabu ya mtaa huo, uwanja wa udongo wa kichuguu ulioletwa kwa lori kutoka Busiu. Udongo huo ni mlaini na hausamehe. Kila mpira unapodunda huacha alama, na alama isipofutwa leo, baada ya wiki ni shimo.

Kwenye kazi hiyohiyo ya kufagia uwanja ndipo alipojifunzia mchezo. Wenye klabu walipokosa mtu wa nne walimwita, naye akaweka ufagio chini akashika raketi ya kuazima, mpaka ikafika siku hapakuwa na mtu Mbale nzima wa kumshinda. Timu ya taifa ilimchukua akiwa na miaka thelathini na mmoja, umri ambao wenzake walikuwa wakitundika raketi ukutani. Sasa alikuwa na thelathini na mitano, na alikuwa amemwahidi Nandutu kwamba mwaka huu ndio mwisho. Kabla ya kuacha alitaka jambo moja tu: Uganda ipande Kundi la Tatu, naye akiwemo.

Mashindano hayo ya timu za wanaume hukusanya dunia nzima, na yamepangwa kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa wanakaa wakubwa, wale wanaoonekana kwenye televisheni. Chini yao kuna Kundi la Kwanza na la Pili. Chini zaidi kila bara hubaki na watu wake: Afrika ina Kundi la Tatu, halafu Kundi la Nne. Chini ya la Nne ni ardhi tupu, na faida yake ni kwamba ukishindwa huko hakuna pa kukushushia. Uganda ilikuwa imekaa huko muda wa kutosha kulizoea vumbi la hapo.

Mwaka ule Kundi la Nne lilichezewa Jinja, kwenye viwanja vyekundu vilivyo karibu na mto. Siku ya mwisho ilibaki nafasi moja ya kupanda, ikigombewa na Uganda na Malawi. Kila upande ulishinda mchezo mmoja wa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo kila kitu kikaangukia mchezo wa wawili wawili. Nahodha wa timu, Afande Ojok, sajini mstaafu anayezungumza Kiswahili cha kambini hata na mbwa wake, aliwapanga Mafabi na Yogesh. Yogesh alikuwa mtu wa Jinja, wa ukoo wenye kinu cha mafuta ya alizeti, na alikuwa amecheza na Mafabi miaka minne bila kugombana naye hata siku moja.

Walicheza kwa muda wa saa tatu kasoro. Seti ya mwisho ilifika mahali Wamalawi walipohitaji pointi moja tu. Mmoja wao akapiga mpira mrefu, ukampita Yogesh aliyekuwa amerudi nyuma, ukadunda karibu na mstari. Mwamuzi wa mstari akanyoosha mkono: nje. Uwanja mzima ukashusha pumzi. Wamalawi wakaomba alama ikaguliwe, na hiyo ni haki yao, maana kwenye udongo alama ndiyo shahidi. Mwamuzi mkuu akaanza kushuka kutoka kwenye kiti chake kirefu.

Mafabi alikuwa ameshafika. Akaiona. Kati ya alama na mstari wa chokaa palikuwa na ukanda wa udongo mwekundu, mwembamba kama upana wa kidole, lakini ulikuwepo. Mpira ulikuwa nje. Moyo wake ulifurahi kweli, furaha ya mtu aliyerudishiwa uhai, na akiwa katika kufurahi huko mguu wake wa kulia ukatoka, ukapita juu ya alama mara moja, ukarudi. Udongo ukabaki laini kama ulivyo asubuhi kabla ya mchezo.

Sheria hapo haina maneno mengi. Mchezaji akifuta alama upande wake kabla mwamuzi hajaiona, amekubali kwamba mpira ulikuwa ndani. Haiulizi alikuwa anawaza nini. Mwamuzi alisimama, akautazama udongo, akamtazama Mafabi, kisha akatangaza kwamba Malawi wameshinda.

Mafabi alifungua mdomo aeleze, lakini nahodha wa Malawi alikuwa ameshamkumbatia, akimwambia kwamba hajapata kuona uungwana wa namna ile. Watu wakasimama wakapiga makofi. Dakika moja ikapita, ikawa mbili, na baada ya hapo kusema kulikuwa kugumu kuliko kunyamaza.

Habari ilifika Mbale kabla yake. Redioni walisema kuna mchezaji wa Nabuyonga aliyekubali kushindwa kuliko kushinda kwa uongo. Kila aliyesimulia alitia chumvi yake; habari ilipofika mji jirani wa Nakaloke, Mafabi alikuwa amepiga magoti akamwonyesha mwamuzi mstari kwa kidole. Yogesh naye alihojiwa, akasema mpira ulikuwa ndani na mwenzake ni mtu mwaminifu. Mafabi alisikia hayo akiwa anakula, akasukuma sahani. Nandutu alimuuliza ana nini. Akasema amechoka. Alikuwa na aibu, na aibu ya kusifiwa bure haina pa kuipeleka.

Jumamosi mwenyekiti wa klabu, Hajati Madinah, aliandaa chai pembeni mwa uwanja. Ojok na Yogesh walikuja kutoka Jinja, Ojok akiwa na cheti cha uungwana ndani ya bahasha kubwa. Hajati alizungumza vizuri na kwa kirefu, akasema watoto wa mtaa wamepata mtu wa kumwiga. Mafabi aliposikia neno watoto alisimama kabla hajaitwa.

"Mpira ilikuwa nje," alisema. "Mimi niliona na macho yangu. Nilifuta sababu mguu yangu imezoea kufagia. Si uungwana. Nilisahau tu niko wapi."

Hajati Madinah aliketi taratibu. Ojok alirudisha cheti ndani ya bahasha, akaikunja mara moja, akaikunja tena.

"Mafabi," alisema Ojok, "sisi iko Kundi ya Nne sababu ya ufagio?"

"Ndiyo, afande. Ilitoka nje kidole moja."

"Mbili," alisema Yogesh. Watu wote wakamgeukia. Alikuwa anatazama chai yake. "Vidole mbili. Mimi nilikuwa karibu zaidi."

Mafabi alimtazama mwenzake. Akamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini basi alisema vile redioni.

"Ningesema nini, bwana? Alama imekwisha, mechi imekwisha. Wewe ndio ulikuwa umebaki."

Ojok alikohoa. Alikuwa amekasirika, na hakuficha. Alisema amelala vibaya wiki nzima akiwaza ule mpira. Kisha akasema mazoezi ya mwaka ujao yanaanza Jumatatu, Jinja, saa kumi na mbili asubuhi, na jozi ni ileile. Mafabi akamkumbusha kwamba alishaahidi kuacha, akamtazama mkewe. Nandutu alisema ahadi ile aliifanya mtu aliyekuwa anakwenda kushinda, na yeye hataki kukaa uzeeni na mume anayehesabu vidole.

"Sawa," alisema Ojok. "Lakini mpaka mashindano iishe, wewe hapana gusa ufagio. Na mguu pia. Hiyo ni amri."

Watu walicheka, Mafabi peke yake hakucheka. Alijua kati ya wote pale ni yeye aliyepewa adhabu kubwa.

Jumapili asubuhi Nandutu alichukua ufagio mkubwa akaingia uwanjani mwenyewe. Alifagia vibaya. Aliacha michirizi, akaziruka pembe, akapita juu ya mashimo kana kwamba hayapo. Mafabi alitembea nyuma yake, mikono mifukoni, akiumia. Karibu na mstari wa nyuma alikuta alama moja ya mpira wa jana, ya duara, imekaa pale inamtazama. Mguu wake wa kulia uliinuka wenyewe. Aliushusha mahali ulipokuwa.

"Nandutu," aliita, "njoo uone hii."

Akasimama kuilinda mpaka mkewe alipofika.