Bei za Mlangoni kwa Katarina

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia kununua kahawa, kila mmoja na bei yake mfukoni, hapa Maguu habari zote zilipatikana kilabuni kwa Katarina. Tulijazana mpaka madirishani. Na desturi ilikuwa moja: aliyetoka kuuza Mbinga husimama mlangoni, hutaja bei, hupigiwa vigelegele, halafu hununulia nyumba nzima pombe.

Pembeni alikaa Praygod, ofisa takwimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, akiandika kila bei iliyotajwa. Alisema anapima inavyopanda na kushuka ili ajue kesho itachezea wapi.

Ephrasia akamfuata. Paa lake la nyasi lilikuwa limeporomoka, analala kwa wifi yake Hilda, na Hilda mdomo wake hauna breki: kila jioni anauliza mgeni anaondoka lini. Kahawa ya mwaka mzima ndiyo ilikuwa bati. Mnunuzi mmoja alishamfuata hadi uani, na bei yake haikuwa mbaya.

"Bwana Praygod, nimpe?"

"Usimpe, mama. Nimekokotoa. Wastani uko juu ya hapo, na bei hazipishani sana. Kwa uhakika wa asilimia tisini na tano, Mbinga hupati chini ya hiyo."

"Na hizo tano?"

"Hizo bahati mbaya tu."

Tukacheka wote. Ephrasia akamkatalia mnunuzi.

Wiki iliyofuata akapeleka magunia Mbinga. Alipotajiwa bei, alidhani anataniwa. Nusu! Akaenda kwa wa pili, nusu. Wa tatu akapunguza tena. Kuyarudisha magunia kungemla zaidi, basi akauza.

Kurudi, akaona haya kupita kwa Katarina. Akashika njia ya nyuma, katikati ya mibuni. Mungu wangu! Njia imejaa watu! Joakim, tuliyeambiwa anaumwa. Kunigunda, kajifunika khanga usoni. Watu ambao mwezi mzima tulikuwa tukiwasema wanaringa.

Na Hilda, magunia matupu kichwani.

"Wifi! Nawe?"

"Nyamaza. Niliuza kabla yako. Unadhani nakufukuza kwa kupenda? Unga umekwisha."

Ephrasia akakaa chini palepale.

Kesho yake yeye na Hilda wakamkokota Praygod hadi kwenye njia ile. Praygod akawa anawauliza watu bei, mmoja mmoja, na kila jibu likimpata kama kofi.

"Mbona hawa sijawahi kuwaona kilabuni?"

"Wangeingiaje, baba," Hilda akamjibu, "na mlangoni pale lazima utaje bei?"

Praygod akafunga daftari lake. Ephrasia hakumtazama. Upande wa ziwa mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kunguruma, na wifi yake alikuwa amemshika mkono, anamhimiza waende nyumbani.