Sahani Safi ya Tata Kanku

Hakuwa na gari. Hakuwa na mtoto aliyebaki Kolwezi. Hakuwa na meno ya juu upande wa kulia, wala lami mbele ya nyumba, wala diploma ya mchana. Ile aliyokuwa nayo aliipata katika shule ya jioni, akiwa na miaka arobaini na miwili, mikono bado inanuka mafuta ya karakana. Hakuwa na mvua, maana ilikuwa Julai. Vumbi alikuwa nalo. Vumbi jekundu la Dilala, upande wake wa mji, lililoamka pamoja na malori, likapanda ukuta, likaingia bila hodi, likaketi kwenye kiti cha mgeni.

Lakini Tata Kanku, mjukuu wa watu walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, hakukubali vumbi liketi kwake. Alifagia. Alifuta. Shati lake lilikuwa jeupe, viatu vyake vilikuwa vyeusi, na kati ya jeupe na jeusi hakuruhusu rangi nyingine.

Siku moja akaja Jémima, mwanafunzi wa kemia wa chuo kikuu, amebeba sahani nyeupe kifuani kama mtu abebaye mtoto.

"Tata, mi natafuta vumbi," akasema.

Mama Yolande, mke wa Kanku, akacheka hata akashika mlango. "Mutoto yangu, umefika! Shiye tuko nayo mingi. Beba yote."

Jémima akaeleza. Mitaa kumi na miwili, sahani moja kila mtaa, wiki sita. Ingekaa juu ya ukuta, wazi, na kila Jumamosi angeisuuza kwa maji safi, maji ayatie kwenye chupa, akapime chuoni vumbi lililoanguka. "Tata, usiiguse. Hata kidogo."

"Mutoto, miye nilisoma," Kanku akajibu. "Mambo ya masomo naiheshimu."

Na kweli aliyaheshimu. Hapo ndipo aibu ilipo.

Asubuhi ya kwanza jua liliiangaza sahani, na sahani ilikuwa nyekundu. Ilikaa juu ya ukuta wake, imeelekea njia, na watu walikuwa wakipita kwenda kanisani. Mbayo, jirani wa ng'ambo, akapaza sauti: "Tata Kanku! Kumbe kwako banakulaka mu sahani ya muchafu?"

Mkono ukaingia mfukoni. Ukatoka na kitambaa. Akafuta.

Kidogo tu, alijiambia. Pembeni tu, alijiambia. Kesho yake akafuta pembeni na katikati. Aliheshimu masomo, akafuta. Alijua ni kosa, akafuta. Jumamosi alfajiri, kabla Jémima hajafika, akafuta kwa kitambaa kibichi, kisha akavaa kofia, akaenda kumfungulia mlango.

"Tata, yako iko safi kupita zote," Jémima akasema, akigeuza chupa yake kwenye mwanga, amekunja uso, kisha akaitazama miti ya njiani. Na mzee, tuseme ukweli, akafurahi. Akalipokea neno hilo kama sifa.

Mvua zikaja, mvua zikaisha. Mwezi wa tano chuo kikafungua milango yake, watu wa mji waje waone kazi za wanafunzi, na Jémima akamwalika.

Ewe chuo, una mlango mmoja na vyumba vingapi ndani! Kanku alitembea kwenye ukumbi mrefu, kofia mkononi, akisoma karatasi zilizobandikwa ukutani. Mmoja alikusanya majina ambayo wachimbaji wadogo huyapa mawe kwa kuyapima uzito kiganjani. Mmoja alipanda mahindi kwenye udongo wa mabaki ya mgodi, akaandika ni magunzi mangapi yalitoka bila punje. Mmoja, wa sheria, aliziendea familia thelathini zilizohamishwa, akauliza makaburi yao sasa yanatunzwa na nani. Mmoja alisikiliza kwaya, akafuata jinsi nyimbo za Kasai zilivyobadilika mdomoni mwa Kolwezi. Mmoja alihesabu pumzi za watoto wachanga. Mmoja wa hesabu alichora foleni ya malori kwa alama tupu. Kanku hakuelewa hata mstari, na mbele ya hiyo ndipo aliposimama muda mrefu kuliko zote.

Mji ni mmoja, na kila mmoja aliuingia kwa njia yake. Na kila karatasi ilisimama juu ya mtu ambaye hakuonekana: mama aliyejibu, mchimbaji aliyeeleza, mwimbaji aliyerudia wimbo mara ya tatu. Watu ambao hawakusoma hata jioni. Nao hawakudanganya.

Mwisho wa ukumbi, karatasi ya Jémima. Nguzo kumi na mbili nyekundu zilizochorwa kwa kipimo cha vumbi, kila moja na jina la mtaa. Kumi na moja ndefu. Moja fupi kama kidole gumba. Chini yake imeandikwa: miti ya mtaa huu inazuia vumbi. Na chini kabisa: ninamshukuru Tata Kanku, aliyeitunza sahani kwa uaminifu.

"Huyu njo Tata Kanku!" Jémima akaita kwa furaha.

Watu wakapiga makofi. Na Kanku akainua kofia. Hilo ndilo analoliona hadi leo akifumba macho: si sahani, si kitambaa, ni mkono wake mwenyewe ukiinua kofia.

Mwezi wa sita kiangazi kikarudi, na safari hii lori la maji la manispaa likaja kulowesha njia. Likalowesha mitaa kumi na mmoja. Kwenye kona ya mtaa wao likageuka. Mkuu wa mtaa akauliza, akajibiwa kwamba utafiti umesema: ule una miti.

"Miti yetu ilipata diplome," Mbayo akasema, akacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi. "Shiye tulipata hii."

Watoto wa shule walipita, kope zao nyekundu.

Kanku akaingia ndani, akamwambia mkewe. Aliliangusha neno moja moja.

"Nilijua," akasema Yolande. "Kile kitambaa, mi njo nilikuwa nafula na sabuni."

"Na haukusema?"

"Nilingoja useme weye. Utamuharibia mutoto kazi yake, Tata."

"Iliharibika zamani. Miye njo niliiharibu."

Saa tisa mchana akaketi mezani. Barua ya kwanza ilijaa maneno mazuri ya shule ya jioni, akaichana. Ya pili ilimlaumu Mbayo, akaichana. Ya tatu iliyalaumu malori, na malori yana makosa yao, lakini hayakushika kitambaa. Akaichana. Ya nne ilikuwa fupi.

*Jémima, mwanangu. Ni mimi niliyefuta sahani. Kila asubuhi, wiki zote sita. Miti haikufanya kitu. Uliniambia nisiiguse, nikaigusa, kwa kuwa niliona aibu watu waone vumbi kwangu. Waonyeshe walimu wako barua hii, lawama iwe yangu kwa jina. Ukija kupima tena, weka sahani kwa jirani yangu Mbayo. Yeye hafuti kitu.*

Akaikunja. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akahesabu hadi ishirini. Nyuma yake akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, na namba ya nyumba.

Kwenye kona alikuwapo Gael, wa taksi-moto, ameketi juu ya pikipiki yake.

"Ku chuo, Tata? Barua ya mapendo?" Gael akatania.

"Umupatie mu mukono yake mwenyewe. Jémima, wa kemia."

"Na jibu?"

"Apana ngojea jibu."

Gael akaitia bahasha ndani ya koti, akawasha. Pikipiki ikaondoka, na vumbi likanyanyuka nyuma yake mtaa mzima, kutoka kona hadi shule, na Kanku akasimama akalitazama lote.