Vumbi la Mawe Meupe

Pascasie alikuwa akigonga tofali kwa kifundo cha kidole, asikie kama limeiva, Hippolyte alipoingia bandani na panga mkononi. Ilikuwa Jumamosi ya salongo. Kalemie nzima ilikuwa barabarani ikifyeka majani kwa amri ya serikali, na siku hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona mwanaume na panga. Lakini Hippolyte alikuwa mtu wa kinu, na watu wa kinu hawakuwa na kazi upande wa wanawake.

"Mama Pascasie," alianza, kisha akashika ukuta akakohoa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Tukimaliza salongo, tunapita kwa Mama Adrienne. Wewe usiende kwake leo."

"Munaenda kufanya nini?"

"Kumuuliza."

Akafuta mdomo kwa kiganja, akaondoka.

Karakana yao ilikuwa karibu na mahali ambapo mto Lukuga unatoka ziwani. Ilitengeneza matofali meupe ya kujengea tanuri ndani, yale yanayovumilia moto ambao ungeyeyusha tofali la udongo mwekundu. Mawe meupe, magumu, yanayometameta, yaliletwa kutoka milimani. Wanaume waliyasaga makavu mpaka yakawa unga. Wanawake waliuchanganya unga huo na maji na chokaa ya Kabimba, wakaukandamiza kwenye fomu za mbao, kisha matofali yakaanikwa na kuchomwa polepole. Tanuri halikujua salongo. Likishapoa ni lazima lipakuliwe, ndiyo maana Pascasie na wenzake walikuwa kazini siku hiyo.

Kule kinuni vumbi lilitanda kama ukungu tangu asubuhi mpaka king'ora cha kutoka. Wanaume walitoka humo weupe kama watu waliofukuliwa kaburini. Tangu mwaka uliopita walikuwa wakikohoa, mmoja baada ya mwingine. Wawili walikwisha kuzikwa. Dawa za kifua kikuu hazikuwasaidia, na hapo maneno yakaanza kuzunguka: kuna mchawi anayewala. Macho yakamwangukia Mama Adrienne, mjane asiye na mtoto, aliyetoka mbali huko Kiambi na kuuza uji mlangoni pa kinu. Nani mwingine aliwalisha wote?

Lakini na sisi tunakunywa uji ule, Pascasie alikuwa akiwaza. Wanawake wote wa bandani tunaunywa, na hakuna anayekohoa. Alikwisha kumwambia mume wake hivyo. Félicien naye alikuwa mtu wa kinu, na siku hizi alilala ameketi, mgongo ukutani, kifua kikipiga mluzi. "Kinu hakiroge muntu," alimjibu. "Kinu njo kinatulisha."

Pascasie aliweka tofali chini, akashuka ziwani. Boti ya chokaa ilikuwa imekwisha kupakuliwa, na Gérard, mwenye boti, alikuwa akikung'uta magunia.

"Papa Gérard, unarudi Kabimba saa ngapi?"

"Sasa hivi. Upepo haujaamka bado."

"Kuna mama mumoja wa kupeleka. Tafazali, umungoje. Na usimuambie muntu."

Alimkuta Mama Adrienne nyumbani kwake akikoroga uji kwa ajili ya watu wa salongo. Alipoambiwa, bibi huyo hakuuacha mwiko.

"Nikikimbia, watasema njo mimi."

"Ukibaki, hawatasema kitu, mama. Watafanya."

Mama Adrienne aliutazama uji ukitoa mapovu. Kisha akaondoa kuni motoni, moja moja, kama mtu anayekusudia kurudi jioni. Alichukua kitenge na rozari tu. Njiani aliuliza mara moja, "Na wewe, mwanangu?" Pascasie akamshika mkono, wakashuka haraka. Boti ilipoondoka, bibi aliketi juu ya magunia matupu akiwa ameelekea upande wa Kabimba, wala hakugeuka.

Wanaume walifika na majani mabichi yakiwa yamenata kwenye mapanga. Walikuta uji bado wa moto. "Amekimbia!" Hippolyte alipiga kelele. "Njo yeye!" Pascasie, akiwa amerudi bandani, aliona moshi ukipanda juu ya mapaa, upande wa nyumba ya Mama Adrienne, akasikia nyimbo. Walipopita karakanani walikuwa wakicheka. Hippolyte alijipiga kifuani, akasema tayari anapumua vizuri.

Jioni Félicien aliingia nyumbani akinuka nyasi zilizoungua. Hakugusa chakula.

"Nani alimuambia?"

"Mimi."

Félicien akafunga mlango kwanza.

"Neno hilo usilirudie. Hata kwangu."

"Papa, ni ule unga wa mawe. Sisi tunaushika na maji, hautupandi puani. Ninyi munaukula mukavu. Ufunge kitambaa cha maji mdomoni, basi. Kitambaa tu."

"Na wakiuliza nani alinipa?"

Hakufunga. Kinu kiliendelea kusaga.

Hippolyte alikufa kabla ya mvua za kwanza, akiwa amekonda hata mkanda haukumshika. Matangani Pascasie alipeleka sinia la ugali na dagaa. Lilibaki pale alipoliweka, likapoa, nzi wakaja. Alielewa kwamba Gérard ameitaja safari ile ya boti mahali fulani, labda kwa kulewa, labda kwa kucheka tu. Hakuna aliyemwuliza kitu. Sasa macho yalikuwa yamemwangukia yeye.

Siku walipomzika Hippolyte, wanaume walisimama upande wa pili wa kaburi na kumtazama Pascasie badala ya jeneza. Kesho yake, saa ya kula, wanawake wa bandani walikusanya mikeka yao na kuisogeza ukutani. Hawakumtukana. Mmoja alimwambia kwa sauti ndogo, "Utusamehe, mama. Tuko na watoto." Pascasie aliketi peke yake katikati ya uwanja, kibakuli mapajani.

Kinu kikanyamaza. Wanaume wakatoka, wakaketi pamoja penye kivuli. Félicien alitoka wa mwisho, mweupe tangu nywele mpaka miguu, macho tu ndiyo meusi. Akasimama na sahani yake, akawatazama wenzake, akamtazama mke wake. Akainua mguu. Hapo kikohozi kikamshika, akainama, akainama zaidi, na uwanja mzima ukamngoja amalize.